Tunakua Kiroho, au Tunaongezeka Umri Tu?



Kila mwaka makanisa yetu hupambwa kwa ajili ya Sakramenti ya Kipaimara. Baba Askofu anafika, kwaya inaimba, vijana wamependeza, wazazi wamealika ndugu na jamaa, na nyumbani chakula kinasubiri. Katika salamu na hotuba za siku hiyo maneno fulani hurudiwa kwa namna mbalimbali: kuanzia leo ninyi ni Wakristo wakomavu. Watu hupiga vigelegele. Kisha zinapita Dominika tatu au nne, na mabenchi waliyokalia vijana wale yanaanza kubaki wazi. Katekista anawaona sokoni na kwenye uwanja wa mpira, lakini jumuiyani hawaonekani. Baadhi yao watarudi siku ya kuandikisha ndoa. Wengine hawatarudi kabisa.

Ni rahisi kuwalaumu vijana, na wazazi wao pamoja nao. Lakini kabla ya kulaumu, inafaa tujiulize sisi sote, waseminari, mapadre, watawa na walei: tuliwaambia nini hasa tulipowaambia kwamba wamekomaa? Je, sisi tuliowaambia hivyo tunajua ukomavu wa kiroho ni kitu gani, na unatambulikaje kwa mtu?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapofundisha juu ya Kipaimara (na. 1308), inatoa angalizo ambalo mara nyingi tunalipita. Inakubali kwamba Kipaimara huitwa wakati mwingine sakramenti ya ukomavu wa Kikristo, lakini inatuonya tusichanganye utu uzima wa imani na utu uzima wa umri. Hapo hapo inamkumbuka Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefundisha kwamba umri wa mwili hauiwekei roho mipaka, na kwamba hata mtoto anaweza kufikia ukamilifu wa kiroho. Kinyume chake nacho ni kweli: mtu anaweza kuwa na mvi kichwani, au na miaka saba ya seminari kuu, na bado akawa mchanga mbele ya Mungu.

Mawazo yetu katika makala haya ni haya: tumezoea kupima ukomavu wa kiroho kwa vitu tulivyopokea, yaani sakramenti, karama, vyeo, elimu na miaka. Maandiko Matakatifu yanaupima kwa namna nyingine. Yanatazama jinsi tunavyoishi na watu ambao Mungu ametuwekea karibu, hasa wakati ambapo hatupati sifa wala utamu wowote.

Tuanze na Korinto. Mtume Paulo alikaa katika mji ule mwaka mmoja na nusu, kama Matendo ya Mitume sura ya 18 inavyosimulia. Baadaye, akiwa Efeso, aliwaandikia. Mwanzoni mwa barua yake ya kwanza anamshukuru Mungu kwa sababu Wakorinto hawakupungukiwa karama yoyote (1Kor 1:7). Walikuwa na maarifa, walikuwa na wanenaji, walikuwa na wenye kunena kwa lugha na wenye kutoa unabii. Leo tungeiita parokia ya mfano. Watu wangetoka mbali kwenda kusali huko.

Lakini katika sura ya tatu Paulo anawaambia kwamba hakuweza kusema nao kama watu wa rohoni. Ilimbidi aseme nao kama na watoto wachanga katika Kristo, awape maziwa, kwa maana chakula kigumu hawakukiweza. Je, alijuaje kwamba bado ni wachanga? Hakuwapa mtihani wa katekisimu, wala hakuhesabu siku zao za kufunga. Alitaja dalili moja: kati yao kuna wivu na ugomvi (1Kor 3:1-3). Huyu anajiita mtu wa Paulo, yule wa Apolo, mwingine wa Kefa. Ukiendelea kusoma utakuta wanashtakiana mahakamani. Utakuta kwenye mlo wa Bwana mmoja anabaki na njaa huku mwenzake amelewa. Karama zote zilikuwepo. Kilichokosekana ni watu wazima wa kuzitumia.

Hatusemi hivyo ili kuzidharau karama. Paulo mwenyewe anazieleza kwa heshima katika sura ya 12, na Kanisa linazipokea kama zawadi za Roho Mtakatifu. Karama hutolewa kwa ajili ya kulijenga Kanisa. Ila kuwa nayo hakumthibitishi mtu kuwa mtakatifu, kama vile kupewa jembe zuri hakumfanyi mtu kuwa mkulima hodari. Ndiyo maana mara baada ya kueleza karama Paulo anaandika sura ya 13 juu ya upendo, na humo ndimo anamozungumzia kuacha mambo ya kitoto.

Sasa tuzitazame parokia zetu. Kwaya inaimba vizuri hadi watu wanatokwa machozi, lakini waimbaji hawasalimiani kwa sababu ya ugomvi wa sare, au wa nani aimbe pekee siku ya Pasaka. Kiongozi wa jumuiya ameshindwa katika uchaguzi, na tangu siku hiyo hajaonekana tena kwenye sala. Chama cha kitume kimegawanyika pande mbili, na kila upande una padre wake unaomsifia. Mzee amegombana na kamati ya ujenzi, naye anaadhibu kwa kukataa kutoa zaka. Padre mpya amefika na kubadilisha saa ya Misa ya kwanza, basi nusu ya wakubwa wa parokia wamenuna. Watu hawa si wapagani. Wamebatizwa, wameimarishwa, wanakomunika. Wanajua sala zote kwa moyo. Lakini mtu mzima na mtoto mdogo hutambulikana pale wanaponyimwa kitu walichokitaka.

Wahenga walisema ukubwa ni jaa. Jaa hupokea kila kinachotupwa na halipigi kelele. Mkubwa katika nyumba ni yule anayeweza kubeba maneno ya wadogo bila kulipiza, anayekula mwisho, anayeomba radhi kwanza ili nyumba isibomoke. Wazee wetu waliujua ukweli huu kabla ya kusoma barua za Paulo. Ni ajabu kwamba tunaukubali katika ukoo na kuusahau katika Kanisa, ambamo mara nyingi mkubwa ni yule ambaye wote wanaogopa kumuudhi.

Upo uchanga mwingine, ambao ni mgumu zaidi kuutambua kwa sababu unafanana na ibada. Ni uchanga wa kutafuta utamu. Mtu anapoanza kumfuata Mungu kwa dhati, mara nyingi sala huwa tamu. Machozi yanatoka, Neno la Mungu linasisimua, saa nzima mbele ya Ekaristi inapita kama dakika tano. Kijana anayeingia seminari huwa na mwezi au mwaka wa namna hiyo. Vivyo hivyo mtu aliyetoka kwenye mafungo au semina ya karismatiki. Kisha siku moja utamu unakwisha. Masifu yanakuwa maneno tu. Tafakari ya asubuhi inakuwa vita na usingizi. Mtu anadhani amemkosea Mungu, au kwamba Mungu amemwacha, au kwamba wito wake ulikuwa ndoto.

Mtakatifu Yohane wa Msalaba alieleza jambo hili kwa mfano ambao kila mama wa Kiafrika anauelewa. Alifundisha kwamba Mungu huilea roho changa kama mama anavyomlea mtoto: humnyonyesha, humpakata, humbeba. Lakini mtoto anapokua, mama humwachisha ziwa na kumshusha chini atembee kwa miguu yake. Mtoto hulia na kuona kwamba hapendwi tena, kumbe anakuzwa. Yohane mwenyewe alikuwa amepitia mateso kabla ya kuyaandika hayo. Kuanzia Desemba 1577 hadi Agosti 1578 alifungwa katika chumba kidogo huko Toledo, Hispania, na waliomfunga walikuwa ndugu wa shirika lake mwenyewe waliopinga mageuzi ya Wakarmeli. Alitoka humo bila kuwachukia.

Kwa hiyo ukavu katika sala si lazima uwe ugonjwa. Unaweza kuwa alama kwamba Mungu anatuachisha ziwa. Ni kweli pia kwamba ukavu unaweza kutokana na uvivu, dhambi isiyoungamwa, uchovu au kukesha na simu, na ndiyo sababu tunahitaji baba wa kiroho wa kutusaidia kutofautisha. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliacha ushauri wenye busara kwa nyakati za namna hiyo: wakati wa giza na huzuni ya kiroho mtu asibadilishe uamuzi alioufanya wakati wa mwanga. Mseminari anayetaka kufunga sanduku lake kwa sababu sala imekauka tangu mwezi uliopita, asubiri kwanza, aseme na mlezi wake, aendelee kusali. Pengine kweli Mungu anamwita kwenye maisha mengine, nako si kushindwa. Lakini uamuzi huo ufanywe kwa utulivu, si kwa kukimbia ukavu.

Mfano ulio wazi zaidi wa kukua huku ni Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, wa Lisieux huko Ufaransa. Watu wengi wanampenda kwa maua na kwa sura yake ya kitoto, na wanasahau kwamba alipigana vita vikali ili atoke utotoni. Alifiwa na mama yake akiwa na miaka minne, na kwa miaka mingi baadaye alikuwa mwepesi wa kulia kwa jambo dogo. Usiku wa Noeli mwaka 1886, akikaribia kutimiza miaka 14, alirudi nyumbani kutoka Misa ya usiku. Kulikuwa na desturi ya kuwawekea watoto zawadi ndani ya viatu. Alipokuwa akipanda ngazi alimsikia baba yake, aliyekuwa amechoka, akisema kwa namna ya kuudhika kwamba bahati nzuri huo ndio mwaka wa mwisho wa mambo hayo. Siku zote neno kama hilo lingemliza hadi asubuhi. Safari hii alimeza machozi, akashuka, akafungua zawadi zake kwa furaha mbele ya baba yake, na baba naye akafurahi. Teresia mwenyewe aliihesabu saa ile kuwa uongofu wake. Alisimulia kwamba upendo uliingia moyoni mwake pamoja na haja ya kujisahau ili kuwafurahisha wengine.

Tuangalie vizuri kilichotokea. Hakuona maono. Hakusikia sauti kutoka mbinguni. Alisikia neno la kuumiza kutoka kwa mtu anayempenda, na kwa neema ya Mungu hakuligeuza kuwa ugomvi. Baadaye, akiwa mtawa wa Karmeli, alikutana na mwenzake ambaye kila kitu chake kilimuudhi. Aliamua kumtendea kama mtu anayempenda kuliko wote, hata yule mtawa akamuuliza ni nini kinachomvutia kwake kiasi hicho. Kuanzia Pasaka ya mwaka 1896 hadi kifo chake tarehe 30 Septemba 1897, kwa muda wa miezi 18 hivi, aliishi katika giza zito la imani, na hakuacha kuwa mwema kwa wenzake. Alikufa akiwa na miaka 24. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa.

Mtu anaweza kutuuliza: je, Bwana hakusema kwamba tusipokuwa kama watoto hatutaingia katika Ufalme wa mbinguni (Mt 18:3)? Alisema, na Teresia ndiye anayetusaidia kuelewa. Mtoto wa Injili ni yule anayemtegemea Baba kabisa na hajioni kuwa mkubwa. Mchanga anayekemewa na Paulo ni yule anayetaka dunia yote imzunguke yeye. Paulo mwenyewe alizitofautisha hali hizi mbili alipowataka Wakorinto wawe watoto katika uovu, lakini watu wazima katika akili (1Kor 14:20). Kadiri mtu anavyozidi kuwa mtoto mbele ya Mungu, ndivyo anavyozidi kuwa mtu mzima mbele ya watu.

Barua kwa Waebrania inaongeza dalili nyingine ya ukomavu. Inasema kwamba chakula kigumu ni cha watu wazima, wale ambao kwa mazoezi wamezifundisha akili zao kupambanua mema na mabaya (Ebr 5:14). Na Waraka kwa Waefeso unataka tusiwe tena watoto wanaotupwa huku na huku na kila upepo wa mafundisho (Efe 4:14). Kama kuna onyo linalotufaa leo, ni hilo.

Upepo unavuma katika miji na vijiji vyetu. Asubuhi Mkristo yuko kwenye Misa, mchana anatazama kwenye simu mahubiri ya mtu anayejiita nabii, jioni amebeba chupa ya maji au mafuta aliyouziwa kwa bei ya wiki nzima ya kazi. Mgonjwa anaambiwa aache dawa za hospitali kwa kuwa ameshapona. Binti asiyeolewa anaambiwa kwamba shangazi yake ndiye aliyemfunga, na kuanzia siku hiyo ukoo unavunjika. Kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni anaitwa mchawi. Haya si mambo madogo. Watu wanapoteza fedha, wanapoteza ndugu, wengine wanapoteza maisha. Na wengi wao wamepata Kipaimara.

Kuwacheka hakuwasaidii. Wanakwenda huko kwa sababu wana maumivu ya kweli, na mara nyingi hawakupata mtu wa kukaa nao kwetu. Mgonjwa hakutembelewa. Mjane hakuulizwa anakula nini. Tulimpa Mpako wa Wagonjwa alipokuwa anakata roho, hali Kanisa linafundisha kwamba si sakramenti ya wanaokufa tu bali ya kila mwamini aliye katika ugonjwa mzito. Kupambanua mema na mabaya ni kitu cha mazoezi, kama Waebrania inavyosema, na mazoezi yanahitaji mwalimu na wenzake. Mkristo aliyeachwa peke yake na shida yake ni rahisi kuchukuliwa na upepo.

Hapa tunapenda kukumbuka jambo moja kutoka historia ya Kanisa letu la Afrika Mashariki. Wamisionari wa Afrika walifika Buganda mwaka 1879. Mwishoni mwa mwaka 1882 walilazimika kuondoka na kuvuka kwenda upande wa kusini wa ziwa, wakarudi mwaka 1885. Kwa muda wa miaka karibu mitatu waamini na wakatekumeni walibaki bila padre. Hawakutawanyika. Walikusanyika, walisali, walifundishana, na wengine walijiunga nao. Katika kundi hilo alikuwemo Yosefu Mukasa, aliyeuawa Novemba 1885, na Karoli Lwanga, aliyebatizwa siku ile ile Mukasa alipouawa. Lwanga akachukua mzigo wa kuwalinda na kuwafundisha vijana wa ikulu. Mwezi Mei 1886, hatari ilipofika mlangoni, yeye mwenyewe alimbatiza Kizito, kijana wa miaka 14 hivi. Tarehe 3 Juni walichomwa moto pamoja huko Namugongo.

Kizito alikuwa Mkristo aliyebatizwa kwa siku chache tu. Hakuwa na cheti cha chochote. Nguvu yake aliipata kwa neema ya Mungu na kwa mikono ya wakubwa waliomshika, wasiomwacha peke yake. Tukijiuliza kwa nini vijana wetu wanapotea baada ya Kipaimara wakati Kizito alisimama, sehemu ya jibu iko hapo: yeye alikuwa na Lwanga.

Kwa sababu hiyo tunatoa maoni yetu kwa walei kwanza. Kanuni ya 892 ya Sheria za Kanisa inasema kazi ya msimamizi wa Kipaimara ni kuhakikisha kwamba aliyeimarishwa anaishi kama shahidi wa kweli wa Kristo. Sisi tumeifanya kuwa kazi ya kuweka mkono begani na kutoa zawadi. Msimamizi amtafute kijana wake. Amuulize habari za masomo, za kazi, za kitubio. Ampeleke jumuiyani na kumpa jukumu la kweli: kuongoza somo, kumtembelea mgonjwa pamoja na wakubwa, kutunza daftari la jumuiya. Samaki mkunje angali mbichi. Kijana asiyepewa mzigo wowote hujifunza kwamba hahitajiki.

Pili, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zirudi kwenye kusudi lake. Maaskofu wa nchi za AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976 waliziweka jumuiya hizi kuwa kipaumbele cha kichungaji, ili Kanisa liishiwe pale watu wanapoishi. Jumuiya ina jambo moja ambalo hatulipendi na ambalo ndilo dawa yake: hatuwachagui wanajumuiya wenzetu. Tunapewa jirani mwenye maneno mengi, mzee mwenye hasira, mama mwenye madeni, kijana asiyefika kwa wakati. Hao ndio walimu wetu wa uvumilivu. Lakini jumuiya inayokutana kwa ajili ya kukusanya michango tu haiwezi kumkomaza mtu. Neno la Mungu lisomwe, lijadiliwe, na kabla ya kuachana pawepo swali moja: wiki hii nani kati yetu anahitaji kutembelewa? Na wanajumuiya waliokosana wapatanishwe huko huko, kabla habari haijafika ofisini kwa paroko.

Kwa ninyi waseminari wenzetu katika safari ya kumfuata Kristo, maneno haya yana uzito zaidi. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya malezi ya mapadre wa mwaka 1992, alieleza nyanja nne za malezi: ya kiutu, ya kiroho, ya kiakili na ya kichungaji, naye akafundisha kwamba malezi ya kiutu ndiyo msingi wa nyingine zote. Anayepita mitihani yote ya falsafa na teolojia lakini hawezi kuambiwa kosa lake bila kununa, bado hajawa tayari. Upadrisho humpa mtu mamlaka ya kuadhimisha mafumbo matakatifu. Haumwondolei wivu, hasira wala tamaa ya sifa. Yote atakayokataa kuyashughulikia hapa seminarini atayapeleka parokiani, na huko hakutakuwa na gombera wa kumrekebisha. Watakaoumia ni waamini.

Kipimo kiko karibu nasi kila siku. Tunaamkaje pale ambapo hakuna mlezi anayetazama? Tunafanyaje kazi za mikono tukiwa na mwenzetu mvivu? Tunasema nini bwenini juu ya aliyepata alama kubwa kuliko sisi? Wakati wa likizo, je, mama anabaki jikoni peke yake kwa sababu frateri amerudi nyumbani, au frateri anashika ndoo kwenda kuchota maji? Je, baba wa kiroho anajua mapambano yetu halisi, au anapewa hotuba nzuri? Mseminari anayekubali kufahamika jinsi alivyo ameshaanza kukomaa, hata kama bado anaanguka.

Na kwetu sote, tunapendekeza zoezi moja dogo kabla ya kulala. Tunapotafuta dhamiri, tusiishie kuhesabu sala tulizokosa. Tujiulize: leo ni nani aliyepata raha kwa sababu ya kuwepo kwangu, na ni nani aliyebebeshwa mzigo wangu? Tulipeleke jibu hilo kwenye kitubio mara kwa mara, ikiwezekana kwa muungamishi yule yule, anayeweza kuona kama tunasonga mbele au tunazunguka pale pale. Matokeo hayataonekana kwa wiki moja. Kukua ni kwa polepole, na mara nyingi wenzetu ndio huona kabla yetu.

Injili ya Yohane inatupatia neno la mwisho. Baada ya Ufufuko, kando ya bahari ya Tiberia, Bwana alimuuliza Simoni Petro mara tatu kama anampenda, na kila mara alimkabidhi kondoo wake. Kisha akamwambia kwamba alipokuwa kijana alijifunga mwenyewe na kwenda alikotaka, lakini atakapokuwa mzee atainyosha mikono yake, na mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka (Yn 21:15-18). Petro alikuwa ameshatembea juu ya maji, ameshamwona Bwana akigeuka sura mlimani, ameshapewa funguo za Ufalme. Lakini ukomavu wake Bwana aliuweka mbele, katika siku ambayo angekubali kupelekwa asikotaka kwa ajili ya kondoo ambao hawakuwa wake.

Huko ndiko tunakoitwa. Mwenyezi Mungu, aliyeianza kazi njema ndani yetu siku ya Ubatizo, atusaidie kukubali kulelewa, na kwa maombezi ya Bikira Maria na ya Mashahidi wa Uganda, atufanye wakubwa wanaoweza kuwabeba wadogo. Amina.